Inhela ya unga haina gesi: mazungumzo na wagonjwa wa pumu na COPD, Kirumba, Mwanza

Haya ni mazungumzo na wagonjwa wa pumu na COPD (ugonjwa wa muda mrefu wa mapafu unaobana njia za hewa) pamoja na ndugu zao, hapa Kirumba. Tumeyaandika yote kwa ajili ya wale ambao boti, kazi au kifua chenyewe kiliwazuia kufika.

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, ndugu zangu, na ninyi vijana mliowasindikiza wazazi: mwangaluka, kwa salamu yetu ya Kisukuma! Nimeisikia "mhola" ya upande wa kushoto. Ya kulia imebanwa kidogo, na ndiyo maana tumekutana.

Naanza na swali. Nani ana inhela, kile kifaa cha kuvutia dawa kwa mdomo, mfukoni au kwenye pochi? Nyosheni mikono. Sasa ubaki juu mkono wa yule tu ambaye mtu wa afya alishawahi kumwambia, "Hebu nivutie nione unavyofanya." Tazameni wenyewe mikono iliyobaki.

Mwaka 2016 yalichapishwa mapitio ya tafiti za miaka 40, kuanzia 1975 hadi 2014, kutoka nchi mbalimbali. Katika kila watu 100 wanaotumia inhela, waliokutwa wanaitumia sawasawa ni 31. Na miaka yote hiyo 40, hali haikuwa imebadilika. Kwa hiyo anayekosea asijione mjinga. Mara nyingi boksi lilipita kwenye kidirisha cha famasi likisindikizwa na maneno mawili, "asubuhi na jioni", basi. Mgonjwa akaenda nyumbani kujifundisha.

Leo sitawaongezea dawa. Nataka ile mliyonayo ifike kwenye mapafu.

Jambo la kwanza, na mkilishika hili mengine yote yatajieleza: inhela ya unga haina gesi. Ile pampu ya kopo la chuma mnaijua. Unaitikisa, unaibonyeza, inatoa "psss". Mle ndani kuna gesi, na gesi ndiyo inayoisukuma dawa itoke. Sasa chukua inhela ya unga. Hakuna "psss". Haina gesi, haina betri, haina chochote cha kurusha dawa. Nani basi anaitoa dawa mle ndani? Ni wewe. Nguvu yote ya kifaa hiki ni pumzi yako.

Tuingie ndani kidogo. Dozi ya dawa hizi ni ndogo mno. Budesonide, dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, ya mikrogramu 200 ni sehemu moja ya tano ya miligramu moja. Katika inhela nyingi za unga, dawa hiyo kidogo huchanganywa na laktosi, yaani sukari ya maziwa, ili ipimike. Chembe za dawa hujishika kwenye chembe kubwa za laktosi. Ukivuta kwa nguvu, hewa inazunguka ndani ya kifaa, inazitikisa na kuzibandua. Chembe zenye ukubwa wa mikromita 1 hadi 5 ndizo zinazoweza kushuka hadi kwenye vijia vyembamba vya hewa. Kubwa kuliko hapo hugonga koo na kubaki palepale. Ukivuta kizembe, chembe hazibanduki, na dawa ya mapafu unaimeza iende tumboni.

Vifaa vingi vya namna hii vinataka hewa ipite kwa kasi ya lita 30 hadi 60 kwa dakika. Ule wa kuzungusha kitako, Turbuhaler, unafanya kazi vizuri zaidi hewa ikifika lita 60. Na nguvu hiyo iwepo tangu mwanzo wa kuvuta, kwa sababu unga hutoka mapema. Ukianza taratibu ukaongeza kasi mwishoni, umechelewa: unga umeshatoka ukiwa umeshikana.

Chukueni mfano wa mzee mmoja wa Igombe, mvuvi wa zamani, aliyetumia pampu ya gesi miaka mingi na kuitumia vizuri. Akabadilishiwa dawa, akapewa ya unga. Wiki tatu baadaye anarudi: "Hii mliyonipa ni ya bandia." Alipoombwa avute, akakaa wima, akatoa pumzi, akavuta polepole, kwa utulivu, kwa sekunde tano. Uvutaji wa kupigiwa makofi, kwa pampu ya gesi! Pampu ya gesi hutaka hivyo hasa, polepole, kwa sekunde nne hadi tano, kwa sababu gesi tayari imeshairusha dawa na ukivuta kwa pupa inagonga koo. Ya unga inataka kinyume chake: kwa nguvu, kwa kasi, kwa kina, tangu mwanzo. Dawa ya mzee haikuwa ya bandia. Ilikuwa inaishia kwenye ulimi.

Wangapi hapa mna zote mbili, pampu na ya unga? Wengi. Basi leo mkifika nyumbani, kateni kipande cha plasta, bandikeni, andikeni kwa kalamu. Kwenye pampu: POLEPOLE. Kwenye ya unga: KWA NGUVU. Msizibe matundu ya hewa wala namba za dozi. Usiku wa manane, kifua kimebana, hakuna anayekumbuka somo la ukumbini. Plasta itakumbuka.

Kuna kifaa kimoja chenye tabia yake, HandiHaler, kile cha kapsuli za tiotropium, dawa ya kupanua njia za hewa kwa muda mrefu. Njia yake ya hewa ni nyembamba, inavutika kwa uzito, na mgonjwa wa COPD anaona kama hakuna kinachokuja. Usitishike. Hapo huhitaji kuvuta kwa ghafla. Vuta kwa kina na bila kukata, kiasi cha kuisikia kapsuli ikitetemeka ndani. Mtetemo ukisikika, kasi inatosha.

Jambo la pili ni mpangilio wa hatua. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo dawa nyingi inapotea.

Kaa wima au simama. Usivute ukiwa umelala wala umejikunja. Fungua kifuniko, tazama mdomo wa kifaa kama kuna uchafu. Pakia dozi, na namna ya kupakia inategemea kifaa, nitakuja huko. Kisha geuza uso pembeni, toa pumzi taratibu mpaka uone mapafu yamepungua vya kutosha. Pembeni, mama zangu! Pembeni! Usipulize kwenye kifaa. Ndipo uweke mdomo wa kifaa katikati ya meno, midomo iufunge wote, ulimi ukae chini usizibe. Inua kidevu kidogo. Vuta kwa mdomo, kwa nguvu tangu mwanzo, endelea mpaka mapafu yajae. Toa kifaa mdomoni, funga mdomo, zuia pumzi kwa sekunde kama kumi. Ukishindwa, hata tano si haba. Kisha pumua taratibu kupitia puani. Kama umeandikiwa kuvuta mara mbili, rudia yote kuanzia kupakia.

Nirudie lile la kutoa pumzi, kwa maana ndilo linaloachwa kuliko yote. Kwa nini utoe pumzi kwanza? Kwa sababu mapafu yakiwa yamejaa, utavuta kidogo tu na kukwama. Ni kama nusu ya pumzi, na nusu ya pumzi haina nguvu ya kubandua unga. Na kwa nini pembeni? Kwa sababu ukipuliza ndani umefanya makosa mawili kwa mkupuo mmoja: umeupeperusha unga uliokuwa tayari, na umeingiza unyevu wa mdomo kwenye kifaa.

Sasa kupakia. Wenye kile kifaa cha mviringo bapa, Diskus: kishike kilale sambamba na sakafu. Sukuma kwa kidole gumba mpaka kilie "ka" na mdomo utokee. Sukuma kijiti cha pembeni mpaka kilie tena. Hapo dozi moja imefunguliwa kutoka kwenye utepe wa foili ulioko ndani, na namba imeshuka kwa moja. Kuanzia hapo usikiinamishe, usikitikise, usichezee kile kijiti. Kila ukikisukuma unafungua dozi nyingine na ya kwanza inapotea. Kuna binti wa kidato cha tatu aliyezoea kukiliza "ka, ka, ka" darasani. Kifaa cha dozi 60, cha mwezi mzima kwa asubuhi na jioni, kikaisha ndani ya siku chache, na mama yake akawa na hakika kwamba dukani wamempunja. Tazameni namba. Kuanzia 5 kushuka zinakuwa nyekundu, maana yake nenda katafute kingine, usingoje sifuri.

Wenye Turbuhaler: kishikeni kisimame wima wakati wa kupakia, kitako chini. Zungusha kitako mpaka mwisho upande mmoja, kisha urudishe mpaka mwisho upande wa pili. Lazima usikie mlio. Ukizungusha ukiwa umekilaza, kipimo hakijai vizuri. Kikiwa kipya kabisa, kinahitaji kuzungushwa na kurudishwa hivyo mara mbili kabla ya dozi ya kwanza. Na hapa kuna mambo mawili yanayowadanganya watu. Moja, ukikitikisa kinalia "chaka chaka", mgonjwa anasema dawa bado imo. Hapana. Zinazolia ni punje za kufyonza unyevu. Zitalia hata dawa ikiwa imeisha zamani. Angalia kidirisha cha pembeni, alama nyekundu imefika wapi. La pili, huenda usionje chochote ulimini. Unga ni kidogo mno. Watu hurudia mara tatu, mara nne, wakidhani haijatoka. Ukiwa na wasiwasi, siku moja weka kitambaa cheusi chembamba juu ya mdomo wa kifaa, vuta kupitia hapo, kisha angalia kitambaa. Utaona vumbi jeupe. Ukishaona, usirudie jaribio hilo. Dozi ni pesa.

Wenye vifaa vya kapsuli, Rotahaler na ndugu zake: kapsuli hii haimezwi. Narudia, haimezwi. Mwaka 2008 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ililazimika kutoa tahadhari kwa sababu wagonjwa walikuwa wanameza kapsuli za kuvuta. Kama huko imetokea, Sengerema haitatokea? Ukimeza, dawa inakwenda tumboni na kifua kinabaki kilivyo.

Toa kapsuli kwenye foili wakati unapotaka kuitumia, na kwa mkono mkavu. Iweke kwenye kifaa. Kuna vifaa vinavyoitoboa kwa vitufe: bonyeza mara moja mpaka mwisho, achia. Mara moja! Ukibonyeza mara nne kapsuli inasagika na vipande vinakuja mdomoni. Vingine vinaitoboa unapofunga mdomo wa kifaa. Rotahaler yenyewe haitoboi, inaigawa kapsuli vipande viwili unapozungusha. Katika vile vya kutoboa, ukivuta sikiliza: kapsuli inapaswa kuzunguka na kuvuma. Ukivuta ikawa kimya, imekwama. Fungua, gonga kifaa taratibu kiganjani ili ijinasue, usiitoboe tena, kisha vuta upya. Ukimaliza, fungua utazame. Unga umebaki? Vuta kwa mara ya pili kutoka kapsuli ileile. Kwa HandiHaler, kuvuta mara mbili kutoka kapsuli moja ni utaratibu wa kila siku, hata kama macho yanakuambia imekwisha.

Hili la kapsuli lina faida ambayo napenda kuisema, maana vifaa hivi hudharauliwa kwa kuwa ni vya bei nafuu. Kifaa cha kapsuli hakikufichi kitu. Unaona umevuta au hujavuta.

Jambo la tatu: unyevu. Na hapa, ndugu zangu wa ziwani, tuna kazi kuliko watu wa Dodoma.

Mmeona chumvi kwenye kopo lililoachwa wazi wakati wa masika inavyofanya? Unga wa inhela hufanya vilevile. Unaganda. Ukishaganda, hata uvute kwa nguvu namna gani, chembe hazitawanyiki.

Fikirini kijana wa dagaa, Ukerewe au kisiwa chochote. Anatoka usiku wa giza, anapumzika mbalamwezi ikiwaka. Inhela ameifunga kwenye mfuko wa nailoni, ameiweka kwenye mtumbwi chini ya koti la mvua. Alfajiri mfuko umetoa jasho ndani. Akaona mdomo wa kifaa una magamba na chumvi ya jasho, akakisuuza ziwani, akakianika juu ya chanja pamoja na dagaa. Kijana msafi, mwangalifu. Na katika dakika hizo tatu ameua dozi zote zilizobaki.

Kwa kawaida inhela ya unga haioshwi kwa maji. Unafuta mdomo wake kwa kitambaa kikavu au karatasi laini, mara moja kwa wiki inatosha. Baadhi ya inhela za kapsuli huruhusu maji, kwa sababu kapsuli hazikai ndani; HandiHaler ni mojawapo: suuza kwa maji ya vuguvugu mara moja kwa mwezi, iache wazi ikauke kwa saa 24. Saa 24, si nusu saa kwenye jua. Kwa kifaa kingine chochote fuata karatasi iliyomo kwenye boksi, na kama hujui kusoma maandishi yale madogo, leta boksi.

Anayekwenda ziwani aweke kifaa kwenye kopo gumu la plastiki lenye kifuniko cha kubana, kikiwa kikavu na kimefungwa. Mikono ikauke kabla ya kukishika. Kapsuli zibaki kwenye foili zake. Ile tabia ya kuzimenya zote jioni na kuzimwaga kwenye kikopo ili "kurahisisha" ndiyo inayozilainisha, na kapsuli laini haitoboki vizuri. Nyumbani, si bafuni, si karibu na sufuria inayochemka, si dirishani panapoingia mvua. Joto nalo ni adui. Boksi limeandikwa isizidi nyuzi 25 au 30. Kwenye dashibodi ya daladala iliyoegeshwa Buzuruga saa nane mchana, au juu ya kabati chini ya bati lisilo na dari, joto linavuka hapo.

Mmoja aliuliza hapa kabla hatujaanza: kama ina laktosi, mimi maziwa yananisumbua tumbo, niache? Tumbo kujaa gesi kwa maziwa si sababu ya kuacha. Laktosi iliyomo ni kidogo sana. Lakini mwenye mzio mkali wa protini ya maziwa, yule anayevimba midomo au kubanwa akigusa maziwa, amwambie daktari kabla ya kuvuta dozi hata moja.

Jambo la nne nitalipitia haraka kidogo, ingawa linaua watu: dawa ipi ni ya nini.

Mama anayekaanga dagaa Mwaloni, moshi unamfuata asubuhi hadi jioni. Ana dawa mbili. Salbutamol inafungua kifua ndani ya dakika tano, anaipenda. Ya pili, yenye steroidi ya kuvuta, haimpi chochote anachokiona siku hiyo, na tena ilimletea utando mweupe mdomoni na sauti ikakauka. Ameamua nini? Ameacha ya pili, ameongeza ya kwanza. Ninyi mngeamua vipi?

Sasa sikilizeni. Pumu ni uvimbe ndani ya njia za hewa. Salbutamol inalegeza misuli inayobana, haigusi uvimbe. Steroidi ndiyo inayoutuliza, na inachukua siku hadi wiki. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haupendekezi tena mtu mzima au kijana atibiwe kwa salbutamol peke yake. Mwongozo huohuo unaonya kwamba anayemaliza makopo matatu au zaidi ya salbutamol kwa mwaka, ya mipuzo 200 kila moja, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kushikwa na shambulio kali. Anayefikia makopo 12, hatari yake ya kufa inapanda. Hesabu makopo yako. Kopo kwa mwezi ni taarifa ya kumpelekea daktari.

Na ule utando mweupe? Ni fangasi, inakuja kwa sababu unga wa steroidi umebaki mdomoni. Kinga yake ni kikombe cha maji: ukishavuta, sukutua mdomo na koo, tema. Usimeze. Fanya hivyo kila mara. Anayevuta kabla ya kupiga mswaki hasahau. Na mkumbuke, ukivuta kwa nguvu inayotakiwa, unga unaobaki kooni unapungua. Yule mama alikuwa akivuta taratibu.

Wengine mmepewa inhela moja yenye budesonide na formoterol pamoja. Formoterol hufungua haraka, kwa hiyo kwa wagonjwa wa pumu kifaa hicho kimoja kinaweza kutumika kila siku na pia unapobanwa, kama daktari amekuandikia hivyo, na kina ukomo wake kwa siku. Uliza ukomo wako leo, uandike kwenye boksi. Lakini si kila inhela ya unga inaweza kufanya hivyo. Tiotropium ni mara moja kwa siku na haiokoi mtu aliyebanwa.

Wazee wa COPD, hili lenu ni tofauti kidogo: kwenu dawa kuu ni zile za kupanua njia za hewa kwa muda mrefu, na steroidi huongezwa kwa baadhi tu. Msiazimane inhela na mjukuu mwenye pumu. Na moshi wa kubanikia samaki, kuni za jikoni, sigara, vyote vinaendelea kula mapafu hata dozi ikivutwa kwa ustadi. Aliyeweza kuhamishia jiko nje ya nyumba, au kukaa upande unaotoka upepo, amejipunguzia mzigo.

La mwisho, na hapa naomba hata wanaosinzia waamke. Inhela ya unga ina mahali inaposhindwa. Tumesema nguvu yake ni pumzi yako. Je, pumzi ikikosekana? Mtoto wa chini ya miaka sita kwa kawaida hawezi kuvuta kwa nguvu na mpangilio unaotakiwa. Mpeni pampu ya gesi na chupa yake, ile inayoshika dawa kabla mgonjwa hajaivuta. Mzee aliyedhoofika sana, vilevile apimwe uvutaji wake kwanza. Na mtu yeyote aliye kwenye shambulio kali: hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinazama ndani anapovuta, midomo inageuka bluu au kijivu, anaanza kuchanganyikiwa. Huyo msimlazimishe kuvuta unga. Anahitaji pampu ya salbutamol kupitia chupa.

Chupa hiyo inatengenezwa nyumbani. Chukua chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita. Kitakoni toboa tundu la umbo la mdomo wa pampu, liwe la kubana, uzungushie plasta hewa isitoroke. Mdomo wa chupa ndio unaoingia mdomoni mwa mgonjwa. Ioshe kwa maji na sabuni, usiifute, iache ikauke yenyewe. Plastiki iliyosuguliwa ina umeme unaoivuta dawa ikabaki kwenye kuta. Tikisa pampu, bonyeza mpuzo mmoja, mgonjwa apumue kupitia chupa mara nne hadi sita. Kisha mpuzo mwingine. Mmoja mmoja, msijaze chupa. Kwa mtu mzima na mtoto kuanzia miaka sita ni mipuzo 4 hadi 10 kila baada ya dakika 20 katika saa ya kwanza, na saa hiyo iwe ya safarini kuelekea hospitali. Mlio visiwani, msingoje boti ya asubuhi mkidhani atapoa. Chupa hii haifanyi kazi na inhela ya unga. Unga utabaki chupani.

Nimemaliza yangu, sasa ni zamu yenu. Pale mezani kuna wauguzi watatu na vifaa vitupu vya mazoezi vya kila aina, kwa hiyo msipoteze dozi zenu za leo. Leteni na vya kwenu vitazamwe namba, na chupa za maji mlizokunywa msizitupe, kuna mkasi na plasta. Utavuta, muuguzi atakutazama bila kukusaidia, atakurekebisha, utavuta tena, mpaka upatie mara mbili mfululizo. Kila mkija kliniki, dai kutazamwa tena, maana hata anayejua husahau baada ya miezi michache. Waanze waliotoka ng'ambo, kivuko hakiwasubiri. Mzee wa kofia nyeupe, karibu. Hapana, mzee, kifuniko kwanza.